Leja ya Zahanati na Jicho la Kiwanda: Jinsi Safari ya Dawa Inavyoonekana na Inavyopotea Machoni

Mgonjwa anapofika kwenye dirisha la dawa na kuambiwa kwamba dawa hakuna, lawama humwangukia kwanza yule aliye nyuma ya dirisha. Wengine huilaumu halmashauri, wengine huilaumu Bohari ya Dawa. Ni wachache wanaokikumbuka kiwanda, kwa kuwa kiwanda kiko mbali, mara nyingi ng'ambo ya bahari, na jina lake husomwa tu kwa herufi ndogo pembeni mwa boksi. Hata hivyo liko swali ambalo wahudumu wa afya na wagonjwa wana haki ya kuliuliza: je, yule anayeitengeneza dawa hii alijua kwamba rafu hii ingebaki tupu? Kwa dawa nyingi na kwa miaka mingi, jibu limekuwa hapana. Alichokijua ni kwamba miezi kadhaa iliyopita aliuza shehena kwa mnunuzi fulani, na kwamba mnunuzi huyo hajaagiza tena.

Uwezo wa kujua bidhaa iko wapi, ni kiasi gani, imetumika kwa kasi gani na imetoka kwenye malighafi ipi ndio wataalamu wa ugavi huuita uonekanaji wa mnyororo wa ugavi. Huzungumzwa zaidi katika viwanda vya magari na vya nguo, na msomaji wa sekta ya afya anaweza kudhani haumhusu. Makala haya yanaonyesha kwamba unamhusu kuliko anavyofikiri, kwa sababu katika dawa chanzo cha kwanza cha taarifa zote hizo ni kalamu ya mhudumu wa zahanati. Mfano mkuu utakaotumika ni dawa mseto ya malaria, yaani ALu, ambayo historia yake imeandikwa vizuri na sehemu yake muhimu ilitokea Tanzania.

Kiwanda hakimwoni mgonjwa, kinaona oda

Kidonge cha ALu hupita mikono mingi kabla ya kumezwa. Mkulima huvuna majani, mtambo hukamua kiambato, mtambo mwingine hukigeuza kuwa artemetha, kiwanda hukichanganya na lumefantrini na kukifanya kidonge, meli hukileta bandarini, bohari kuu hukipokea na kukipeleka bohari ya kanda, gari hukifikisha zahanati, na muuguzi humkabidhi mama aliyembeba mtoto mwenye homa. Katika mlolongo huu kila mmoja humwona jirani yake tu. Muuguzi huyaona magonjwa na stoo yake. Bohari ya kanda huziona fomu za maombi. Kiwanda huiona oda ya mnunuzi mkuu. Oda na matumizi ni vitu viwili tofauti, ingawa ni rahisi sana kuvichanganya.

Tofauti hiyo iliandikwa kwa kina na mhandisi wa Marekani Jay Forrester katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mwenendo wa viwanda. Miaka mingi baadaye watendaji wa kampuni ya Procter & Gamble waliigundua tena walipochunguza biashara ya nepi. Watoto hutumia nepi kwa kasi isiyobadilika sana mwaka mzima, lakini oda zilizofika kiwandani zilipanda na kushuka kwa fujo. Jambo hilo likapewa jina la athari ya mjeledi: mkono ukitikisika kidogo kwenye mpini, ncha ya mjeledi huruka kwa nguvu.

Kwa dawa, hesabu yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa kufundishia. Chukulia zahanati inayotoa dozi 100 za ALu kwa mwezi. Masika yanaanza na dozi zinapanda hadi 130. Msimamizi wa stoo, akikumbuka alivyopungukiwa mwaka uliopita, anaagiza 180 ili abaki na akiba. Wilaya yenye zahanati 30 zilizofanya vivyo hivyo itapeleka maombi ya dozi 5,400, ilhali wagonjwa walitumia 3,900. Bohari ya kanda inaona ongezeko la ghafla na kuongeza kinga yake yenyewe. Mnunuzi mkuu naye anaongeza yake. Hadi oda inafika kiwandani, ongezeko la asilimia 30 la wagonjwa limegeuka kuwa maradufu kwenye karatasi. Miezi michache baadaye mvua zimekatika, rafu zimejaa, na hakuna anayeagiza kitu. Kiwanda kinauona ukimya huo, kinauchukulia kuwa ugonjwa umepungua, na kinapunguza uzalishaji. Msimu mwingine unapokaribia, hakuna aliyejiandaa.

Katika mfano huu hakuna mzembe. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa kile alichokiona. Kwa hiyo kuwahimiza watu waongeze bidii, bila kubadili wanachokiona, hakuwezi kuleta matokeo tofauti sana.

Mmea usiosubiri

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na kampuni ya Novartis kwamba ALu ya kampuni hiyo iuzwe kwa sekta ya umma ya nchi zenye malaria kwa bei isiyo na faida. Mwanzoni oda zilikuwa chache. Nchi nyingi bado zilitegemea klorokwini au SP. Tanzania yenyewe iliiacha klorokwini mwaka huo huo wa 2001 ikahamia SP, na haikuanza kutumia ALu kama dawa ya kwanza hadi mwishoni mwa 2006. Kisha mambo yakageuka kwa kasi. Nchi moja baada ya nyingine zilibadili miongozo yao, na fedha za wafadhili zikapatikana. Mwaka 2004 zilitengenezwa dozi takriban milioni 4. Mwaka 2005 zilizidi milioni 30, na mwaka 2006 zilifika takriban milioni 62.

Kati ya namba hizo kulikuwa na wagonjwa waliokosa dawa. Mwishoni mwa 2004 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dawa hiyo isingetosheleza mahitaji. Mashine za kutengeneza vidonge zingeweza kuongezwa, lakini malighafi ilikuwa jani la mmea wa Artemisia annua, ndugu wa ule ambao wengi huuita pakanga. Mmea huo hupandwa, hukua shambani kwa miezi kadhaa, huvunwa, hukaushwa, kisha majani hukamuliwa ili kupata artemisinini. Tangu mbegu kuingia ardhini hadi kidonge kuwa tayari hupita mwaka mmoja au mwaka na nusu. Oda ya dharura inayotumwa Novemba haina maana kwa shamba ambalo halikupandwa Januari.

Upungufu huo ulipandisha bei ya artemisinini hadi kuzidi dola 1,000 za Marekani kwa kilo. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki waliitikia. Kenya, Tanzania na Uganda zikawa na mashamba ya Artemisia, na Athi River nchini Kenya kukawa na mtambo wa kukamua. Lakini oda zilizofuata hazikufikia makisio makubwa yaliyotangazwa, na kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200. Wakulima wengi wakaliacha zao hilo na kurudi kwenye mahindi na mazao mengine. Miaka mitatu minne baadaye, mpango mpya wa kimataifa wa kupunguza bei ya dawa mseto madukani ulipoongeza oda ghafla, artemisinini ikaadimika na bei ikapanda tena.

Mjeledi ule ule wa nepi, basi, ila mara hii ncha yake iliwapiga wakulima upande mmoja na watoto wenye homa upande mwingine. Makisio yalitokana na idadi ya watu, makadirio ya vipindi vya homa na ahadi za fedha. Kilichokosekana ni kitu cha kawaida kabisa: hesabu ya dozi zilizotolewa kwa wagonjwa mwezi uliopita, kutoka mahali zilipotolewa.

Ujumbe wa kila Alhamisi

Ndiyo maana inafaa kulitazama kwa makini jaribio lililofanyika Tanzania kati ya mwaka 2009 na 2010. Jina lake lilikuwa SMS for Life. Walishirikiana Wizara ya Afya, ushirika wa kimataifa wa kupambana na malaria wa Roll Back Malaria, Novartis, IBM na Vodafone. Kampuni inayotengeneza dawa ilikuwa miongoni mwa walioanzisha mradi huo, na hilo si jambo dogo: mtengenezaji alikuwa amekubali kwamba kuijaza bohari kuu hakutoshi ikiwa hakuna ajuaye kilichoko kwenye rafu ya mwisho.

Vituo 129 vya kutolea huduma viliingizwa katika jaribio, katika wilaya tatu za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Muda wake ulikuwa wiki 21. Kila Alhamisi mhudumu alipokea ujumbe mfupi kwenye simu yake ya kawaida ukimtaka ahesabu pakiti za ALu za aina zote nne pamoja na sindano za kwinini. Alijibu kwa ujumbe usiomgharimu, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Asiyejibu alikumbushwa. Majibu yaliingia kwenye mfumo ambao mganga mkuu wa wilaya na wasimamizi wengine waliweza kuufungua na kuona, kituo kwa kituo, nani ana nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Malaria Journal. Kwa wastani asilimia 95 ya vituo vilijibu, na ukaguzi wa ana kwa ana ulionyesha kwamba hesabu zilizotumwa zilikuwa sahihi kwa asilimia 94. Katika wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau moja ya dawa zilizofuatiliwa. Katika wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu ulikwisha kufikia wiki ya nane, na baada ya hapo haukurudi kwa kiwango cha kutajwa.

Namba hizo zinapendeza, lakini funzo lake husomwa vibaya mara kwa mara. Simu haikutengeneza kidonge hata kimoja. Ilichofanya ni kuonyesha kwamba zahanati moja ina pakiti za miezi mitano na jirani yake hana kitu, jambo ambalo kabla ya hapo lilijulikana baada ya fomu ya robo mwaka kujazwa, kusafirishwa na kuchakatwa. Pale ambapo wilaya ilikuwa na kitu cha kuhamisha, na mtu wa kukihamisha, kuona kuligeuka kuwa dawa. Pale ambapo bohari yenyewe haikuwa na akiba, msimamizi aliona upungufu kwa uwazi mkubwa, basi. Kuona ni hatua ya kwanza. Gari, mafuta na mamlaka ya kuamua ni hatua ya pili, na hiyo haitumwi kwa ujumbe mfupi.

Jambo la pili ni kasi. Taarifa ya robo mwaka humfaa mhasibu. Kwa kiwanda ambacho malighafi yake huchukua mwaka mzima kuandaliwa, taarifa iliyochelewa miezi mitatu kisha ikakaa mezani miezi miwili haina tofauti kubwa na kukosa taarifa. Mfumo wa kielektroniki wa taarifa za ugavi ulioenea Tanzania katika miaka iliyofuata ulilenga ugonjwa huo huo: fomu ya Taarifa na Maombi iliyokuwa ikisafiri kwenye bahasha sasa huingizwa kwenye kompyuta ya wilaya au ya kituo. Lakini kompyuta hupokea kile tu kilichoandikwa kwenye leja.

Namba sahihi inayosema uongo

Mhudumu anaweza kujaza leja kwa uaminifu kamili na bado namba zake zikampotosha aliye mbali. Sehemu hii ya ugavi haifundishwi vya kutosha, na ndiyo iliyo mikononi mwa wasomaji wengi wa jarida hili.

Kosa linalojulikana zaidi ni la siku za ukame. Kituo kilitoa dozi 120 za ALu mwezi Aprili, lakini dawa iliisha tarehe 20. Leja inasema matumizi ya mwezi ni 120. Ukweli ni kwamba dozi 120 zilitumika katika siku 20, yaani dozi 6 kwa siku, na mwezi mzima ungehitaji dozi 180. Wagonjwa 60 waliorudi mikono mitupu, au walionunua dukani, hawamo katika hesabu yoyote. Kama maombi ya Mei yatajengwa juu ya 120, dawa itaisha mapema tena, na matumizi yatakayoandikwa yatabaki chini. Kwa njia hiyo upungufu hujizaa wenyewe, na kila ngazi ya juu huuona kama dalili kwamba mahitaji ni madogo. Ndiyo sababu fomu ina safu ya siku ambazo dawa haikuwepo. Safu hiyo hujazwa kwa haraka kuliko nyingine zote, ilhali ndiyo inayobeba sauti za waliokosa.

Liko pia suala la kukata pakiti. ALu hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa vidonge 6 kwa siku tatu, anayefuata vidonge 12, kisha 18, na mwenye kilo 35 na zaidi vidonge 24. Pakiti ya mtoto mdogo inapoisha, muuguzi mwenye busara huchukua pakiti ya mtu mzima na kuigawa watoto wanne. Kitabibu amefanya sawa; mtoto hawezi kurudishwa nyumbani na malaria kwa ajili ya usafi wa takwimu. Lakini leja yake inasema kwamba mtu mzima mmoja ametibiwa na hakuna mtoto hata mmoja. Zahanati mia moja zikifanya hivyo kwa msimu mmoja, anayekadiria mahitaji ya nchi ataona hamu kubwa ya pakiti za watu wazima. Oda itabadilika, kiwanda kitapanga mashine zake kwa oda hiyo, na pakiti ya mtoto itazidi kuadimika. Mstari mmoja kwenye safu ya maelezo, ukisema kwamba pakiti ya vidonge 24 iligawiwa watoto wanne wa uzito wa chini, unatosha kulizuia hilo, mradi aliye wilayani ausome.

Tupu na sifuri navyo huchanganywa. Kituo ambacho hakikutuma fomu hakijatumia sifuri, hakijulikani. Mifumo iliyojengwa vibaya huijaza nafasi tupu kwa sifuri, na mara moja kijiji kizima huponywa malaria kwenye skrini.

Halafu kuna dawa zilizoisha muda. Hizi hufichwa. Mhudumu anahofia mkaguzi, wilaya inahofia mkoa, na maboksi huhamia kona ya stoo ambako yanaendelea kuhesabiwa kama akiba. Kwenye mfumo kituo kinaonekana kina dawa za miezi minne, kwa hiyo hakiletewi. Kukiri hasara mapema kungemsaidia mgonjwa na pia mtengenezaji, ambaye angejua kwamba alitengeneza kupita kiasi, au kwamba alituma dawa iliyobakiza muda mfupi mno. Ni vigumu kuwalaumu wahudumu peke yao kwa jambo hili. Ukaguzi unaoadhibu kila hasara bila kuuliza ilikotoka huwafundisha watu kuficha.

Upande wa pili wa kiwanda: malighafi na toleo namba

Hadi hapa jicho limetazama kutoka kiwandani kuelekea kwa mgonjwa. Mtengenezaji anapaswa pia kutazama nyuma yake, kwa wanaomuuzia malighafi, na huko upofu huua moja kwa moja.

Mwaka 2022 nchini Gambia watoto takriban 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za viwandani ambazo ni sumu. Mwaka huo huo Indonesia ilipoteza watoto takriban 200 kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Dawa za maji huhitaji kiyeyusho kama propilini glaikoli au gliserini. Uchunguzi wa Indonesia ulifichua kemikali ya viwandani iliyouzwa kwa jina la malighafi ya dawa, ikapita kwa wachuuzi kadhaa, kila mmoja akiweka karatasi zake juu ya pipa lile lile. Kiwanda kinachomjua muuzaji wake wa mwisho tu hakijui kilichomo ndani ya pipa. Kupima kila pipa kabla ya kulitumia ni kanuni ya zamani. Kulijua pipa hilo limetoka kwa nani na limefunguliwa na nani njiani ndio uonekanaji.

Baada ya dawa mbaya kutoka kiwandani, chombo pekee cha kuirudisha ni toleo namba. Hii ni namba iliyochapwa kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge, karibu na tarehe ya kuisha muda, ikitaja mafungu yaliyotengenezwa pamoja. Agizo la kuondoa dawa sokoni hutolewa kwa toleo, kwa kuwa mafungu mengine ya dawa hiyo hiyo yanaweza kuwa salama. Kituo ambacho kwenye leja kimeandika jina la dawa na idadi bila toleo namba kinapolipata agizo hilo hubaki na njia mbili mbaya: kuziondoa zote na kuwanyima wagonjwa, au kukisia.

Viwanda vingi sasa huchapa kwenye boksi mraba mdogo wenye vidoadoa vyeusi na vyeupe. Ndani yake mna utambulisho wa bidhaa, toleo namba, tarehe ya kuisha muda na, kwa baadhi, namba ya pekee ya boksi lile moja. Umoja wa Ulaya uliufanya kuwa lazima kwa dawa nyingi za cheti kuanzia Februari 2019, hasa ili kuzuia dawa bandia. Simu yenye kamera inaweza kuusoma. Kwa Afrika Mashariki faida yake kubwa huenda isiwe dawa bandia peke yake: mhudumu aliyechoka, aliye na foleni ya wagonjwa 80, ameondolewa kazi ya kunakili namba yenye tarakimu kumi kwa mkono.

Mgonjwa naye anayo nafasi hapa. Karatasi ya vidonge isitupwe kabla dozi haijaisha, kwa sababu akidhurika, au dawa isipofanya kazi kama ilivyotarajiwa, namba iliyo pale ndiyo itakayomwezesha mhudumu kujaza fomu ya njano ya madhara ya dawa kwa ukamilifu. Fomu isiyo na toleo namba humwambia mtengenezaji kwamba mtu fulani, mahali fulani, alidhurika. Yenye toleo namba humwambia afungue kumbukumbu za siku gani, mashine gani na pipa gani.

Anayeuza ajue kiasi gani?

Pingamizi moja dhidi ya haya yote lina uzito. Mnunuzi wa umma anayemwonyesha muuzaji kwamba rafu za nchi nzima zinakaribia kuwa tupu anajiweka mahali pabaya katika kujadili bei. Mwenye kiu hatangazi kiu yake kwa mwenye kisima. Ndiyo maana wizara na bohari nyingi huzilinda takwimu zao, na hawakosei kabisa.

Tiba yake iko kwenye mkataba. Katika ununuzi wa shehena moja moja kwa zabuni, kila taarifa ni silaha ya mmoja dhidi ya mwingine. Katika mkataba wa miaka kadhaa wenye bei iliyokubaliwa, muuzaji akijua kwamba akiba imebaki ya miezi miwili hawezi kupandisha bei. Anachoweza ni kuanza kutengeneza mapema. Hapo taarifa ya matumizi humfaa mnunuzi kuliko inavyomfaa muuzaji. Mkataba wa namna hiyo unapaswa kutaja takwimu zipi zitashirikishwa, kwa kipindi gani, na mtengenezaji naye aonyeshe zake: ana malighafi kiasi gani, laini ipi imesimama, meli imechelewa wapi. Bohari nyingi hutoa taarifa bila kudai taarifa, na huo ni uonekanaji wa upande mmoja.

Kuhusu siri za wagonjwa, mpaka uko wazi. Kiwanda kinahitaji kujua kwamba dozi 180 za toleo fulani zilitumika katika wilaya fulani. Hakihitaji jina, umri wala namba ya simu ya aliyezimeza, na mfumo wowote wa ugavi unaoyaomba hayo umevuka kazi yake.

Kiwanda kilicho karibu

Tanzania sasa inajitahidi kutengeneza nyumbani bidhaa zaidi za afya. Bohari ya Dawa yenyewe imejenga kiwanda cha mipira ya mikono huko Idofi, Makambako, mkoani Njombe. Kwa bidhaa hiyo mnunuzi na mtengenezaji wako chini ya paa moja, bahari imeondolewa katikati, na pingamizi la bei karibu limetoweka. Mtu angedhani tatizo la kuona limekwisha.

Lakini mipira ya mikono ni miongoni mwa vitu ambavyo leja huvijua vibaya kuliko vyote. Stoo ya hospitali humkabidhi muuguzi wa wodi maboksi 10 Jumatatu asubuhi, na kwenye kadi yanaandikwa kuwa yametumika. Ukweli ni kwamba matatu yako kabatini, mawili yameazimwa na chumba cha kujifungulia, na moja lilikuwa la saizi ambayo hakuna mtu wodini anaivaa. Mwezi ukiisha, kiwanda kilicho umbali wa siku moja kwa gari kitaambiwa kwamba wodi hiyo inahitaji maboksi 10 kwa wiki, ya saizi zote kwa uwiano ule ule wa zamani. Hesabu ya kabati la wodi kila Ijumaa, saizi kwa saizi, huchukua dakika kumi. Katika vituo vingi hakuna fomu inayoiomba.